Muzee Pilipili na samaki katika kaye ya hesabu



Juma lililopita mama mumoja alitufikia ku masomo na kaye ya hesabu ya mutoto wake. Alikuwa na kasirani. Kurasa ine zilijaa samaki. Akatuuliza: «Mwalimu, ninamutuma mutoto ku masomo ili achore samaki?» Na sisi, tuseme kweli, tulikuwa tumekwisha kumuazibu mutoto yule kwa sababu ya samaki wale wale. Siku ile hatukumujibu mama vizuri. Leo tunajibu, kwa njia ya maisha ya muzee mumoja wa Katanga yetu.

Pilipili Mulongoy alizaliwa mwaka wa 1914. Alikuwa mutu muzima, amepita miaka 30, wakati aliingia kwenye atelier ya wachoraji kule Elisabethville, muji tunaouita leo Lubumbashi. Mufaransa mumoja, Pierre Romain-Desfossés, aliifungua kisha vita, mwaka wa 1946. Watu waliiita Le Hangar.

Ili kuelewa atelier ile ilikuwa na jambo gani jipya, tuangalie kwanza namna wachoraji walikuwa wanafundishwa Ulaya. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, kule Paris, alikuwako muchoraji mukubwa na mwalimu, Jacques-Louis David. Yeye na wenzake walitaka kurudisha uzuri wa sanamu za Wagiriki na Waroma wa zamani, ndiyo maana wanaitwa wachoraji wa neoklasiki. Mwanafunzi katika masomo ya namna ile alianza kwa kuiga: kwanza michoro ya wakubwa, kisha sanamu za plasta, na mwisho ndipo alichora mutu mwenye kusimama mbele yake. Njia ile ina faida yake. Mukono unazoea kazi na jicho linajifunza kupima. Lakini kwa muda murefu mwanafunzi anachora tu kitu ambacho mwengine amemuchagulia.

Romain-Desfossés hakutaka wanafunzi wake waige Ulaya. Aliwaacha wachore mambo wanayoyajua, na kila mumoja akapata mukono wake. Bela Sara alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza tablo kwa vistari vifupi vifupi, kama mukeka uliosukwa. Pilipili alichora ndege, nyoka, nyama wa pori na samaki, na nyuma yao akajaza majani na nukta mpaka hakuna mahali pa wazi. Ukiweka tablo zao tatu pamoja, huwezi kuchanganya wenyewe.

Tuseme pia upande mwengine. Ulikuwa wakati wa ukoloni. Mwenye atelier alikuwa Muzungu, na jina lake ndilo lilitangulia. Kwa hiyo jambo linalotugusa zaidi ni lile lilifuata. Mwaka wa 1951 Mubelgiji Laurent Moonens alikuwa amefungua Académie des Beaux-Arts katika muji ule ule. Romain-Desfossés alikufa mwaka wa 1954, na Le Hangar ikaunganishwa na Académie. Pilipili na Mwenze wakafundisha pale. Mutu aliyekuja kujifunza akasimama yeye mwenyewe mbele ya vijana wa nchi yake kama mwalimu.

Muzee Pilipili alikufa mwaka wa 2007. Mwaka wa 2015, kule Paris, Fondation Cartier ilionyesha kazi za Wakongo za karibu miaka 90, na tablo za watu wa Le Hangar zilikuwa kati yao. Watu wa Paris walisimama kuangalia samaki na ndege wa kwetu.

Wamama, hatusemi kila mutoto mwenye kuchora atakuwa Pilipili. Wala hatuahidi kwamba kuchora kutaleta unga nyumbani. Lakini hapa Kapata watoto wengi wanaona njia moja tu mbele yao: mine, ao shimo la kuchimba. Mutoto mwenye amejifunza kuangalia kitu kwa uangalifu, na kukirudia mpaka kiwe kizuri, ana kitu ambacho kitamusaidia katika kila kazi. Tukimupiga kwa ajili ya kile, tunamufundisha kufunga macho.

Kaye ya hesabu ibaki ya hesabu, hapo mama alikuwa na haki. Lakini mutoto apate pia mahali pake pa kuchora. Muchungie makartoni na ngambo nyeupe ya karatasi za zamani. Makala ya mbabula inatosha kuwa kreyo, na udongo mwekundu wa kichuguu ukichanganywa na maji ni rangi. Ila musiache wasage majiwe ya mine kwa kutafuta rangi ya kijani ao ya bluu: mavumbi yale ni sumu. Na mutoto akileta mchoro, tusiseme haraka «muzuri» ao «mubaya». Tumuulize: «Umeona nini?»

Sisi tulimuuliza mutoto yule, kwa kuchelewa, mama yake akiwa pale. Alitujibu: «Huyu ni kabambale. Ana ndevu ine huku na ine huku.» Tukafungua tena kaye, tukahesabu. Kurasa ine, na kila samaki alikuwa na ndevu nane, hakuna hata mumoja aliyekosewa. Mama akaanza kucheka. Sisi tulimuomba mutoto musamaha.

Tuonane juma lijalo.