Umati wa Kushangilia na Umati wa Kudai

Hakuna mtawala wa kiimla anayekiri kuwa anaichukia demokrasia. Wote huisifu majukwaani. Ukweli hudhihirika pale wananchi wanapokusanyika bila kuitwa naye.

Sisi Wakenya tumeyaona haya. Enzi za chama kimoja, watoto wa shule walipangwa juani kando ya barabara ili wampungie Rais mikono, na hakuna aliyeulizwa leseni. Lakini Kenneth Matiba na Charles Rubia walipotaka kuhutubia wananchi Kamukunji tarehe 7 Julai 1990, walinyimwa kibali, kisha wakatiwa kizuizini siku tatu kabla, bila kufikishwa mahakamani. Wananchi walikwenda hata hivyo. Walipokewa kwa marungu na risasi, na serikali ikawaita wahuni.

Serikali hiyo hiyo ndiyo iliyotuambia mwaka 1988 kwamba mlolongo ni demokrasia ya Kiafrika. Mgombea aliyetangazwa kupata asilimia 70 katika mlolongo alipita bila kura ya siri, na tuliona mistari mifupi ikishinda mirefu. Basi tuliuliza, na bado tunauliza: ikiwa kusimama hadharani nyuma ya mgombea ni demokrasia, kwa nini kusimama hadharani kudai haki ni uasi? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Unafiki huu ulikuwa na chombo chake, nacho ni Sheria ya Utulivu wa Umma. Mkoloni aliitunga mwaka 1950 ili kuwadhibiti Waafrika. Waliomrithi waliilaani wakiwa nje ya Ikulu, wakaitunza walipoingia. Tarehe 7 Julai 1997, polisi walivamia Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, wakawapiga watu waliokimbilia humo kuomba. Mwaka huo huo, shinikizo la wananchi na makanisa liliondoa leseni, na badala yake ikawekwa ilani tu. Kisha Katiba ya 2010, kifungu cha 37, ikampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha.

Hata hivyo, tabia haikufa pamoja na leseni. Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoupinga Mswada wa Fedha, waandamanaji waliuawa kwa risasi karibu na Bunge, naye Rais akataja uhaini. Kesho yake alikataa kuutia sahihi mswada huo, akisema amewasikia wananchi. Je, angesikia nini kama wangebaki nyumbani? Na tarehe 7 Julai 2025, miaka 35 tangu Kamukunji, polisi walifunga barabara za kuingia Nairobi. Viti vinavyokaliwa leo kwa jina la vyama vingi vililipiwa na damu ya siku ile ile.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tusimpime kiongozi kwa sifa anazoimwagia demokrasia. Tumpime kwa namna anavyoupokea umati usiomshangilia. Nasi tuijue sheria: peleka ilani kwa mkuu wa kituo cha polisi kati ya siku 3 na 14 kabla ya maandamano, ubaki na nakala, mtembee bila silaha. Ilani ni taarifa, si ombi. Anayeigeuza kuwa ombi ndiye anayevunja sheria.