Mitungi ya ubavuni ndiyo iliyowafikia madogo wa Thailand

JUMAPILI ya Julai 15, 2018, pale Luzhniki, Moscow, Ufaransa na Croatia walimaliza Kombe la Dunia. Rais wa Fifa, Gianni Infantino, aliwaalika kwenye fainali hiyo watoto 12 wa timu ya Nguruwe Pori ya Chiang Rai, Thailand, pamoja na kocha wao msaidizi, wakati bado wamekwama pangoni. Walitoka wote, lakini Moscow hawakwenda. Walikuwa hospitali na madaktari hawakutaka kusikia habari za safari.

Zawadi ndizo zilizowafuata kitandani. Paul Pogba Jumanne aliwapa wao ushindi wa nusu fainali dhidi ya Ubelgiji. Beki wa England wakati huo, Kyle Walker, alitafuta anwani awatumie jezi, maana mmoja wao alionekana kwenye video akiwa ndani ya jezi ya England. Safi sana. Ila katikati ya shangwe hizi kuna swali limepita pembeni bila kuguswa: ilikuwaje waliowafikia wale madogo wakawa zimamoto mstaafu wa Coventry na mtaalamu wa kompyuta wa Bristol, wakati pale mlangoni palikuwa pamejaa makomandoo wa majini?

Jibu sio ushujaa, maana ushujaa pale ulikuwa wa kumwaga. Jibu lipo kwenye namna wanavyovaa mitungi yao ya hewa, na miaka waliyotumia kujifunza kuivaa.

Tukumbushane kwanza. Juni 23, baada ya mazoezi, madogo wa kati ya miaka 11 na 16 waliingia pango la Tham Luang na kocha wao Ekapol Chanthawong, 25. Mvua ikashuka, maji yakajaa nyuma yao. Julai 2, Rick Stanton na John Volanthen waliwakuta juu ya mwamba, kama kilomita 4 kutoka mlangoni. Kati ya hapo na nje kulikuwa na vipande vya nchi kavu, vya matope na vya maji yaliyojaa hadi kwenye paa, maji ya rangi ya chai ya maziwa ambayo ndani yake huoni hata kiganja chako. Kwa mzamiaji mzoefu, kwenda na kurudi ilitajwa kuwa ni saa 11.

Sasa picha ya mzamiaji unayoijua wewe ni ya mtu mwenye mtungi mgongoni. Baharini ni sawa kabisa, kwa sababu juu yako ni maji matupu na jua. Kwenye pango, juu yako ni jiwe. Mtungi mgongoni unakuongezea unene pale pale usipopaona, unagonga paa, unanasa kwenye kamba ya kuongozea njia. Mbaya zaidi, koki ya mtungi ipo nyuma ya kisogo. Ikianza kuvuja unasikia mlio tu, huioni, na kuifikia ni mpaka ujikunje.

Waingereza walilitatua hili tangu miaka ya 1960, na wala hawakuwa wanatafuta sifa. Mapango ya kwao ni membamba, unatambaa kwenye matope muda mrefu halafu unakutana na kidimbwi kifupi cha kupiga mbizi. Wakaona kubeba mtungi mgongoni ni kujitafutia matatizo, wakaufunga kiunoni ubavuni. Miaka ya 1970 wazamiaji wa Florida, Marekani, ambao mapango yao yamejaa maji mwanzo mwisho, wakaichukua staili hiyo na kuipandisha mitungi hadi kwapani ili mwili ulale sambamba na maji. Leo inaitwa saidimaunti. Mitungi miwili, mmoja kila upande kama mawinga, na katikati mtu anabaki mwembamba.

Ukiisikia hivyo unaona rahisi. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu hii sio jezi kwamba unaivaa ikakukaa. Ni vifaa ambavyo lazima vipimwe kwenye mwili wako wewe, vikakataa, vikapimwa tena.

Kazi inaanzia nchi kavu. Kuna mikanda ya mabegani na kiunoni, na kifuko cha hewa cha kukusaidia kuelea. Sehemu ya chini ya mtungi inashikwa na klipu kwenye pete iliyopo usawa wa kiuno. Sehemu ya juu, kwenye koki, inashikwa na mpira unaopita nyuma ya mabega. Wapo wanaotumia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, huu huu tunaofungia mzigo kwenye keria. Mpira ukilegea, mtungi unaning'inia chini kama mkia. Ukikaza sana unakubana kwapa, mkono haunyooki. Klipu ya chini nayo ikikaa sentimita chache kushoto au kulia, mtungi unageuka na koki inakuangalia vibaya.

Halafu unaingia bwawani na kila ulichopanga nchi kavu kinabadilika. Mitungi ya alumini ina kituko chake: ikijaa inazama, ikipungua hewa kitako chake kinaanza kuelea. Ulianza umenyooka vizuri, ukifika katikati ya safari mitungi imeinua makalio juu kama ndege aina ya bata. Dawa yake ni kuhamisha klipu ya chini kutoka pete ya nyonga kwenda pete ya mbele zaidi kadiri hewa inavyopungua, na hilo ulifanye bila kutazama, ukiwa na glovu, gizani. Mitungi ya chuma haina tabia hiyo ila ni mizito, kwa hiyo uzito mwingine wa mkandani unapungua. Ukibadili mtungi, hesabu yote inaanza upya.

Wanaofundisha hii kitu wana msimamo mmoja ambao makocha wetu wangefaa wauazime: badili kitu kimoja kwa wakati. Fupisha mpira, ingia majini, mwenzako akupige video, itazame. Ndipo uguse klipu. Ukibadili vitu vitatu kwa mpigo mambo yakawa mazuri, hujui kipi kimekusaidia, sawa na kocha anayeingiza wachezaji watatu dakika ya 60, timu inashinda, halafu wiki inayofuata hajui ampange nani.

Kuna na hesabu ya hewa. Mitungi miwili haijaunganishwa, kila mmoja una regyuleta yake na geji yake. Unavuta hewa kidogo huku, unahamia kule, ili isiwe mmoja umeisha na mwingine umejaa. Sheria ya mapangoni ni theluthi: moja ya kuingilia, moja ya kutokea, moja haiguswi, ni ya siku mbaya au ya mwenzako. Geji ikianza na 180, ikisoma 120 unageuza, hata kama unachokitafuta kipo hatua tano mbele. Na kwa kuwa koki zipo kifuani, ukisikia mlio unainamisha macho, unaona ni upande gani, unafunga. Pakiwa finyu sana, unafungua mtungi na kuusukuma mbele yako.

Stanton amefanya maisha haya miaka na miaka, mwisho wa wiki, kwa fedha yake, na vifaa vingi anavichonga mwenyewe. Mwaka 2004 yeye na Jason Mallinson waliwatoa Waingereza sita waliokwama pangoni Mexico. Mwaka 2010, yeye, Volanthen na Mallinson walikuwa kwenye kikosi kilichovuka karibu kilomita 9 ndani ya pango la Pozo Azul, Hispania. Kwa hiyo simu kutoka Thailand ilipopigwa hakuna aliyehitaji kununua kitu kipya dukani. Waliingia na mikanda ambayo ilishawakaa.

Na bado hawakujiamini kizembe. Kabla ya kuanza kuwatoa watoto, waokoaji walienda kwenye bwawa la shule jirani wakafanya majaribio na watoto wa pale wenye umbo kama la wale waliokwama. Dogo avae barakoa ya uso mzima, mtungi ufungwe kwa mbele, mgongoni kuwe na mshikio wa kumbebea. Yaani kazi ile ile ya kupima na kurekebisha, ila safari hii kwa mwili wa mtoto ambaye hajawahi kuzama popote, na ambaye angepewa dawa ya kumtuliza ili asihangaike njiani. Julai 8 wakatoka wanne, kesho yake wanne, Julai 10 wakatoka watano.

Elon Musk naye alipeleka kinyambizi chake kidogo. Hakikutumika. Kilitengenezwa kwa siku chache na watu wenye akili nyingi, ila pango lilikuwa halijawahi kukikosoa.

Sasa kuna jina ambalo kwenye hadithi za jezi na mialiko naona linatajwa kwa haraka haraka. Saman Kunan, komandoo mstaafu, mwanamichezo wa mbio ngumu za majini na nchi kavu, alirudi kujitolea. Alfajiri ya Julai 6 alikuwa anatoka kupanga mitungi ya hewa njiani kwa ajili ya wengine, akapoteza fahamu majini. Mwenzake alijaribu kumuamsha, ikashindikana. Maofisa walisema aliishiwa hewa. Sisemi kuwa mitungi ingekaa ubavuni angekuwa hai, hilo hakuna wa kulithibitisha. Ninachosema ni kwamba huyu alikuwa fiti kuliko wengi, na makomandoo wa nchi nyingi duniani hufunzwa kwanza bahari ya wazi. Ufiti haukufundishi sehemu ya kuweka klipu.

Kwa hiyo Thailand ikisema sasa itanunua vifaa vya mapangoni, mimi nitauliza vimetengewa saa ngapi za bwawani. Vifaa vinafika kwa ndege kesho asubuhi. Mtu wa kuvivaa gizani anachukua miaka, na miaka hiyo lazima ianze wakati hakuna kamera wala mtoto aliyekwama.

Jumanne usiku, wa mwisho kutoka walikuwa makomandoo watatu na daktari wa jeshi waliokaa na watoto juu ya ule mwamba. Muda mfupi baadaye pampu kubwa ikagoma, maji yakaanza kupanda, na vijana waliokuwa wanakusanya vifaa ndani wakaacha walichoshika na kukimbilia mlangoni.