Staa, Lipa Hela ya Watu! Tagi Hainunui Unga

KUNA video inazunguka Insta na TikTok wiki nzima sasa. Staa mmoja wa kike wa Bongo Muvi, jina kapuni, anamfunulia mwanae zawadi ya bethdei. Kitambaa kinavutwa, inatokea nyumba ya midoli ya ghorofa moja. Ndani kuna seti ya sofa, kabati la vyombo, kitanda chenye neti, mpaka jiko la mkaa lililotengenezwa kwa kizibo cha soda. Mtoto anaruka kwa furaha, wageni vigelegele, na chini ya video staa kaandika: "Chochote kwa mwanangu."

Chochote, isipokuwa kumlipa aliyeitengeneza.

Binti huyo, ambaye anafanyia kazi hizo chumbani kwao Tabata, walikubaliana shilingi 250,000. Siku ya kukabidhi mzigo akaambiwa, "Mdogo wangu, kwa sasa sina, ila nitakutagi, wateja watakumiminikia." Hata hiyo tagi yenyewe haikuwekwa. Alipouliza kwa upole kwenye komenti, akapigwa bloku, na mashabiki wakamshukia kama mwewe: "Maboksi na vijiti vya meno ndiyo laki mbili na nusu? Aache njaa!"

Haya, taratibu. Ni kweli ni maboksi na vijiti. Na gauni la staa ni kitambaa na uzi, mbona fundi hamlipi bei ya uzi? Yeye mwenyewe akialikwa kufungua duka la mtu anatabasamu mbele ya kamera, anapiga picha mbili tatu, anaondoka na bahasha. Hakuna anayemwambia tabasamu halina gharama.

Wanaocheka bei wajaribu kwanza hiyo kazi. Kipimo kinachotumika sana duniani kwa nyumba za midoli ni moja kwa kumi na mbili, yaani futi moja inakuwa inchi moja. Kile kitanda cha sita kwa sita unachokijua kinageuka inchi sita kwa sita. Kochi lenye kimo cha futi tatu linabaki inchi tatu, na bado linatakiwa lisimame kwa miguu minne bila kuyumba. Unakata kwa wembe, unapiga msasa, unagandisha, unasubiri gundi ikauke, unapaka rangi, unasubiri tena. Mguu mmoja ukipinda unaanza upya. Vile vitambaa vya makochi vya kufuma ambavyo mama zetu wanavitandika sebuleni, binti kavifuma vya ukubwa wa stempu. Mapazia ni mabaki ya vitenge aliyoyaokota kwa fundi cherehani. Kuokota ni bure, sawa. Macho, mgongo na usiku ambao hakulala, je?

Halafu kuna wale wa "huo ni utoto, mtu mzima anachezea midoli." Pale Amsterdam, kwenye jumba la makumbusho la Rijksmuseum, ipo nyumba ya midoli ya mwanamke tajiri aliyeitwa Petronella Oortman, ya miaka ya 1600 mwishoni. Gharama yake ilikaribia bei ya nyumba halisi ya mjini humo, na haikuwa ya mtoto kuchezea. Marekani nako, miaka ya 1940, Frances Glessner Lee alitengeneza vyumba vidogo vya namna hiyohiyo vikionyesha matukio ya vifo, na wapelelezi wakavitumia kujifunza kusoma ushahidi. Mama huyo alikuwa anafuma soksi za midoli kwa pini, kwa sababu kitu kimoja kikikosewa, somo zima linaharibika. Sasa hapo utoto uko wapi?

Kinachokera zaidi ni hii tabia ya mastaa kuigeuza tagi kuwa sarafu. Keki inalipwa kwa tagi. Mapambo ya ukumbi, tagi. Mpaka kusuka nywele, tagi. Mwenye nyumba hapokei tagi. Konda wa daladala hapokei tagi. Muuza gundi Kariakoo naye hajawahi kuuliza una followers wangapi kabla hajataja bei. Kama unataka tangazo liwe sehemu ya malipo, sema mapema, mtu akubali au akatae. Kuagiza kwa bei, kupokea mzigo, halafu kubadilisha maneno mlangoni, hiyo siyo dili. Ni dhuluma iliyopakwa lipstiki.

Binti naye anastahili kuambiwa ukweli. Kutoa mzigo bila kupokea hata advansi, eti kwa sababu mteja ni staa, ni kosa. Chukua nusu kabla hujakata boksi la kwanza, makubaliano yaandikwe WhatsApp hata kwa mistari miwili, na nusu iliyobaki iingie kwenye simu kabla mzigo haujatoka mlangoni. Staa ni mteja kama wateja wengine. Ila kosa lake ni kuamini mtu. La mwenzake ni kutolipa. Mashabiki wasijifanye hayo mawili yana uzito mmoja.

Na mashabiki wenyewe, nusu ya hao wanaomtukana wanauza kitu mtandaoni: mikoba, hereni, sabuni za kutengeneza nyumbani. Kesho zamu itakuwa yao, na watatamani mtu wa kuwatetea.

Laki mbili na nusu haimfilisi staa anayebadilisha wigi kila posti. Kwa binti wa Tabata ni mtaji wa kazi inayofuata. Mtoto yule kila usiku anamlaza mdoli wake kwenye kitanda ambacho mama hajakilipia. Dada, mtumie mwenzio hela yake, kisha posti unavyotaka.

Wewe unaonaje? Povu ruksa hapo chini.