Fundi apime kwanza, ndipo abadilishe

MKULIMA wa Laela aliyeuza magunia yake ya mahindi ili anunue friji ya kuuzia vinywaji baridi haioni friji hiyo kama pambo la nyumba. Ni mtaji wake. Ikigoma leo, kesho samaki waliotoka Kirando wameanza kunuka, na keshokutwa mwenye mali analipa nauli ya kuipakia kwenye gari hadi kwa fundi mjini Sumbawanga.

Hapo ndipo hasara nyingine huanza. Mara nyingi jibu hutolewa kabla hata kifuniko cha nyuma hakijafunguliwa: kompresa imekufa, au gesi imeisha. Mteja hana la kubisha, anatoa fedha. Ni vema wananchi wakajua kuwa gesi ya friji haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Fundi anayejaza gesi bila kutafuta na kuziba tundu anauza kitu kitakachovuja tena.

Kuhusu kompresa, kipimo chake ni chepesi na mita ya fundi inatosha. Kompresa nyingi za majumbani zina pini tatu. Kati ya pini hizo, vipimo viwili vidogo vya ukinzani vikijumlishwa vinapaswa kulingana na kile kikubwa, na pini yoyote isionyeshe njia ya umeme kwenda kwenye bodi. Vikiwa sawa, waya za ndani ya kompresa ni nzima, na fundi ageukie kifaa kidogo cha kuiwashia kilichobandikwa ubavuni. Hicho hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kompresa. Kikitikiswa kikalia kama njuga, kimevunjika.

Lakini yawezekana friji haina ubovu wowote. Kwa miaka mingi mji wa Sumbawanga ulitegemea umeme wa kutoka Zambia pamoja na jenereta za dizeli, nje ya gridi ya Taifa, na wakazi wake wanaujua vizuri umeme mdogo wa saa za jioni. Kijiji kilicho mwisho wa laini ndefu nacho huupata. Umeme ukishuka, kompresa hunguruma, hushindwa kuanza, hujikata kwa mlio wa "tik", kisha hujaribu tena baada ya dakika chache. Ikifika mjini mchana inawaka vizuri, ikirudi nyumbani inagoma. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kifanyike kwenye soketi ya nyumbani, saa ileile inayosumbua. Namba ikiwa chini sana ya volti 230 na majirani nao wanalalamika, apewe taarifa TANESCO. Ikiwa ni nyumba moja tu, watafutwe waya waliolegea kwenye soketi au kwenye swichi kuu.

Birika la umeme na jiko la koili huumia zaidi kuliko watu wanavyodhani. Birika la wati 2,000 likipata volti 180 badala ya 230 hutoa wati 1,200 hivi tu. Mama lishe ataona limechoka, kumbe ni zima. Likikataa kabisa, ichunguzwe fyuzi ya plagi, kisha waya pale unapoingilia, ambapo hukatika kwa kukunjwakunjwa. Koili ya birika la aina hiyo ikipimwa huonyesha omu 26 hivi. Isipoonyesha kitu, imekatika.

Ufipa ina mambo yake pia. Uwanda huu uko juu, na kwenye mwinuko wa mita 1,800 maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Maharage huchelewa kuiva na yuniti za LUKU huliwa, bila jiko kuwa na kosa. Halafu kuna baridi ya Juni na Julai. Friji ya milango miwili yenye thamostati moja ikiwekwa chumba cha baridi kali hudhani kazi imekwisha, kompresa inapumzika muda mrefu, na nyama iliyo juu inayeyuka. Kuihamishia chumba chenye joto kidogo hakugharimu senti.

Kupima koili na waya kufanyike plagi ikiwa imechomolewa, si swichi kuzimwa tu. Maikrowevu aachiwe fundi aliyesomea, kwani kapasita yake hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Na kifaa kinachompiga mtu shoti kiondolewe kazini siku hiyohiyo. Kukata pini ya ethi ili plagi iingie kwenye soketi ya matundu mawili ni kucheza na maisha ya watoto.

Mafundi wazuri wapo Sumbawanga, na hao hawaogopi kuulizwa. Mteja aulize kilichopimwa, namba iliyoonekana na bei ya spea kabla kazi haijaanza. Fundi aandike hayo kwenye risiti, na spea iliyotolewa irudishwe mkononi mwa mwenye friji.