Ng'ombe wa Chuma Hapakwi Silva

Kila inapokaribia siku ya utamaduni hapa chuoni, kamati yetu ya wanafunzi wa Kagera hununua makopo mawili matatu ya rangi ya silva ya kupuliza. Matokeo yake mnayajua: ng'ombe wetu wa chuma, wale wa Karagwe, wanapangwa mezani waking'aa kama sufuria mpya za Kariakoo. Mimi napinga jambo hili, na nalipinga hapa hapa kwenye gazeti letu ili tulijadili kabla bajeti haijapita.

Kwa wasiojua historia (na watani wasianze na "nshomile" zao, mimi ni Mnyambo wa Kyerwa, si Mhaya, ingawa chuoni hakuna anayejali tofauti hiyo): makao ya wafalme wa Karagwe yalikuwa Bweranyange. Speke na Grant walifika huko mwishoni mwa 1861, wakapokewa na Omukama Rumanyika. Stanley naye akapita mwaka 1876, akaonyeshwa nyumba ya hazina, akaandika habari za bata wa shaba na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Lakini vinavyojulikana zaidi leo ni vile ving'ombe vya chuma, vidogo, vya kubebeka, pembe zimenyooshwa juu ndefu kama za ng'ombe tunaowachunga mpaka leo. Simulizi zinamtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mfalme aliyekuwa fundi wa kufua chuma. Hamo Sassoon aliandika juu ya wafalme, ng'ombe na wahunzi wa ukanda wetu katika jarida la Azania mwaka 1983, na hoja yake haina ugumu: nyundo na ng'ombe vilikuwa alama za utawala. Mfalme alijionyesha kuwa mhunzi na mfugaji kwa pamoja.

Sasa, ni wangapi kati yetu tumewahi kusimama mbele ya ng'ombe mwenyewe wa chuma? Wengi tunawajua kwa picha. Kwa hiyo yule wa udongo na magazeti yaliyolowekwa, anayewekwa kwenye meza yetu, ndiye ng'ombe pekee ambaye mwanafunzi wa Mtwara au Iringa atamwona maishani mwake. Akimwona wa silva, ataondoka akiamini babu zetu walitengeneza vikombe vya ligi. Mwaka juzi mgeni mmoja aliniuliza kabisa tulishinda mashindano gani.

Tatizo ni kwamba tumezoea kudhani chuma ni rangi. Chuma kilichofuliwa kwa moto hakina weupe wa silva. Kinatoka cheusi chenye ukijivu, kina magamba, kutu ya kahawia inajificha kwenye mikunjo, na sehemu zinazoguswa sana ndizo zinazong'aa kidogo. Sisi wa Kyerwa tungepaswa kulijua hili kuliko watu wote. Mawe ya bati yanayochimbwa kwetu tangu enzi za ukoloni, nani amewahi kuyaona yakimeremeta kama bati la paa? Ni kokoto nyeusi na za kahawia, nzito kupita umbo lake, na mtu asiyejua angezipita njiani.

Tena rangi ya silva yenyewe ina hila. Ndani yake kuna vumbi la alumini. Kwenye geti la nyumba inapendeza, kwa sababu geti ni kubwa na vumbi lile halionekani. Kwenye pembe nyembamba kama penseli, kila punje inarudisha mwanga upande wake, na umbo zima linakuwa na mng'ao mmoja: tumbo, mgongo na shingo havitofautiani. Piga picha kwa simu yenye mwanga wa kamera uone, ng'ombe anageuka doa jeupe. (Na wale mnaopuliza mkiwa chumbani hosteli madirisha yamefungwa, vifua vyenu mnavitakia nini?)

Kuna njia nyingine, na si mpya. Leon Battista Alberti wa Italia, katika kitabu chake cha uchoraji cha mwaka 1435, aliwalaumu wachoraji waliobandika dhahabu halisi kwenye picha. Alisema anayestahili sifa zaidi ni yule anayeiga mng'ao wa dhahabu kwa rangi za kawaida. Akatoa na sababu ya kiufundi: dhahabu halisi inang'aa pale ambapo mchoraji alitaka giza, na inafifia pale alipotaka mwanga. Ni ugonjwa ule ule wa silva yetu. Leo hii mjadala huo unaendelea kwa watu wanaopaka rangi vinyago vya askari wa michezo ya mezani, vingi vikiwa na urefu wa sentimita tatu au nne tu. Kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, ilianzisha shindano lao liitwalo Golden Demon mwaka 1987, na hadi leo wapo wanaotumia rangi zenye madini na wapo wanaochora upanga mzima kwa nyeusi, kijivu na nyeupe tupu, ukadhani unaweza kukukata.

Siri yao ni kwamba metali ni kioo kibaya. Haionyeshi rangi yake tu, inaonyesha mazingira. Juu inabeba mbingu, chini inabeba ardhi, na kati ya hivyo viwili kuna mstari mweusi wa ghafla. Chukua pembe ya ng'ombe wetu. Ipake yote nyeusi yenye kahawia kidogo. Ikikauka, amua jua liko wapi, halafu vuta mstari mwembamba wa kijivu upande huo na uuchanganye taratibu kwa brashi yenye unyevu. Pembeni yake acha weusi mkali, usiulainishe. Upande wa chini kabisa gusa kahawia nyekundu, kwa sababu ardhi ya Karagwe ni nyekundu na chuma kikiwa juu yake lazima kiionyeshe. Mwisho, nukta ya nyeupe kwenye ncha, moja tu. Ukiweka kumi umerudi kwenye sufuria.

Wapo watakaosema, na wana haki, kwamba mwanga wa kuchora hausogei. Kweli. Mtu akimgeuza ng'ombe mkononi, mng'ao unabaki palepale na uongo unaonekana. Lakini sisi tunawaweka mezani, nyuma ya kamba, wageni wakiwa upande mmoja. Na kwa anayetaka mng'ao unaosogea, ipo dawa ya bei ya chai: saga risasi ya penseli, chovya kidole, sugua juu ya rangi nyeusi iliyokauka. Ile risasi si risasi, ni kaboni, wala haina metali ndani yake, ila inatoa mng'ao mzito wa chuma cha zamani ambao hakuna kopo la dukani linaloutoa.

Mwenzangu mmoja wa Karagwe ameenda mbali zaidi. Anasema tuache maigizo, tuwape kazi wahunzi wa nyumbani wanaofua majembe na visu, watufulie ng'ombe wa chuma kweli. Namuunga mkono kwa asilimia mia. Ila fedha za kusafirisha chuma kutoka Kayanga hatuna, na siku ya utamaduni haisubiri.

Basi naiomba kamati ifute mstari wa silva kwenye bajeti. Nafasi yake tuweke kopo dogo la rangi ya maji nyeusi, jingine la nyeupe, kahawia kidogo, brashi nne nyembamba, na jioni mbili za kazi. Na kwenye kibao cha mezani tuandike wazi kwamba hawa ni wa kuigiza, kwamba wenyewe walikuwa wa chuma cha kufuliwa, na kwamba walitoka Bweranyange. Penseli nitaleta mimi.