Kona ya Klavye: Neno «Dada» lilivyokula faranga za mwenzetu

Juma hili tunarudi kwenye ile ordinateri ya zamani ya chumba cha mikutano, maana wengi wameuliza ni nini kilichoipata orodha ya likelemba. Tutaeleza yote. Mwekahazina wetu mwenyewe amekubali tueleze.

Mnajua ile mashini haina nguvu ya kubeba programu nzito. Kwa hiyo michango tunaiandika katika Vim, programu nyepesi ya ekrani nyeusi inayoendeshwa kwa klavye peke yake. Ugumu wake ni kwamba ina hali mbili. Katika hali ya kuandika, herufi ni herufi tu. Katika hali ya amri, kila herufi ni kazi: x inafuta herufi moja, dd inafuta mstari mzima, u inarudisha ulichofuta. Na ukiifungua, unaanzia katika hali ya amri. Ni lazima ubonyeze i kwanza ndipo uandike.

Siku ile mwekahazina alisimama mwanzo wa mstari wa mama mmoja mjane, mchango wake faranga 5000. Alitaka kuongeza neno «Dada» mbele ya jina, akasahau i. Herufi D kubwa ni amri ya kufuta kuanzia pale ulipo hadi mwisho wa mstari: jina likaenda, faranga zikaenda. Herufi a iliyofuata ikafungua hali ya kuandika. Zilizobaki, d na a, zikaandikwa. Mstari mzima ukawa «da». Naye, kama sisi wote tuliojifunza tukiwa watu wazima, alikuwa anaangalia vidole, si ekrani. Akabonyeza Échap, akaandika :wq, yaani hifadhi na ufunge, akaenda nyumbani.

Kwenye mkutano uliofuata majina yakasomwa, la yule mama halikusikika. Mnajua mkutano unavyonyamaza pesa zisipoonekana. Kuna waliomwangalia mwekahazina kwa macho ambayo hatupendi kuyakumbuka, na sisi wa komite tulikuwa kati yao. Kilichomwokoa ni daftari la karatasi, ambamo yule mama alikuwa ametia sahihi. Baadaye binti yetu mmoja anayesoma mambo ya ordinateri alitengeneza kopi ya orodha, akaandika «Dada» mbele ya wote bila kubonyeza i. Mstari ukatoweka tena. Tulimwomba mwekahazina msamaha palepale.

Sasa, mambo ya kushika. Kabla ya kuandika, angalia chini ya ekrani. Ukiona -- INSERTION --, andika. Usipoiona, vidole vitulie. Ukiharibu kama ilivyotokea, bonyeza Échap, halafu u mara mbili: ya kwanza inaondoa «da», ya pili inarudisha jina na faranga. Ukiwa umechanganyikiwa kabisa hujui umefanya nini, Échap, halafu :q! na Entrée. Utatoka, na orodha itabaki kama ilivyokuwa ulipoihifadhi mara ya mwisho. Lakini kwa namna mashini yetu ilivyopangwa, ukishahifadhi na kufunga, u haina tena cha kurudisha.

Jambo lingine limewasumbua wengi. Masomo mengi ya Vim yameandikwa kwa klavye ya Kiingereza, nayo husema ushike Maj ili kupata nukta mbili. Klavye yetu ni ya Kifaransa, AZERTY. Nukta mbili ina kitufe chake, bila Maj. Ukishika Maj unapata mkwaju, /, na Vim inadhani unatafuta neno. Ndiyo maana mama mmoja aliandika «/wq» mara sita na programu ikakataa kufunga! Kinyume chake, tarakimu kwetu zinahitaji Maj: kwa 3dd, inayofuta mistari mitatu, Maj ni ya 3 tu, d mbili bila Maj.

Na ile h, j, k, l ya kutembea kushoto, chini, juu na kulia? Bill Joy aliandika vi, mama yake Vim, huko Marekani mwaka 1976, kwenye mashini ambayo mishale ilichorwa juu ya herufi hizo hizo. Kwenye AZERTY ziko mahali palepale. Anayependa mishale aitumie, hatugombani.

Wengine wameuliza kwa nini ukurasa wa kwanza unataja watoto wa Uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyetoa Vim mwaka 1991, alifanya kazi ya kujitolea ya maji na usafi huko Kibaale, kusini mwa Uganda, ambako UKIMWI uliacha yatima wengi. Programu aliigawa bure, akaomba anayeipenda asaidie watoto wale. Alifariki mwaka 2023.

Siku ya posho, baada ya mkutano, tutafungua vimtutor fr, somo la Kifaransa la karibu nusu saa. Linafanyika juu ya kopi, kwa hiyo futeni mpendavyo. Mwekahazina ndiye atakayekaa mbele kwenye klavye. Daftari la karatasi linaendelea, na sahihi pia.