Nyuki uani: weka chini kiberiti

Kundi la nyuki likining'inia mwembeni, wengi wetu hukimbilia mafuta ya taa na kiberiti. Ni ujinga wa hatari. Nyuki walio safarini hawana masega wala watoto wa kulinda. Mara nyingi huondoka wenyewe ndani ya siku chache. Ondoa watoto, mfungue mbuzi (aliye kambani hana pa kukimbilia), kisha subiri. Wakishajenga darini, mwite mfugaji nyuki au pigia Zimamoto, 114. Ukiumwa, kimbilia ndani ufunge mlango. Harufu ya mwiba uliobaki mwilini huwaita nyuki wengine. Halmashauri nazo zibandike namba za wafugaji nyuki kwenye ofisi za serikali za mitaa. Kwa sasa tunaanza kuulizana mtu akishavimba uso.